Kama kila kitu kinatokea, asilimia ni za nini? Uwezekano kwenye dunia nyingi za kwantamu

Juzi jioni nilikuwa kijiweni Buzuruga, hapa Mwanza, nasubiri mvua ikatike, kijana mmoja wa bodaboda ambaye huwa ananibeba akanisogezea simu yake nione mkeka. Mechi 10, tisa zimetiki, moja imechana mkeka wote, na hela aliyoweka ilitoka kwenye hesabu ya bosi. Nikadhani ataanza kumlaani kipa. Akasema taratibu tu, "Ticha, si ulisema kuna dunia zingine? Basi huko umetiki."

Nilishasema kweli. Wiki kama mbili nyuma tulikwama pamoja kwenye foleni nikamsimulia kwamba wapo wanafizikia wazito wanaoamini kila kinachoweza kutokea kwenye ngazi ya atomu kinatokea, kila kimoja kwenye tawi lake la ulimwengu. Nikaishia hapo, daladala ikasogea, tukaondoka. Sasa nikaona nimemwachia kitu nusu, na hiyo nusu niliyomnyima ndo ngumu na ndo muhimu, kwa sababu swali linalofuata ni la lazima: kama yote yanatokea, mtu akikwambia uwezekano wa kitu ni asilimia 8, hiyo 8 ni ya nini? Nane ya kitu gani, wakati kitatokea asilimia mia?

Naomba tuanzie dirishani. Mimi nakaa mlimani upande wa Igogo, na usiku wa giza, zile siku ambazo hamna mbalamwezi na wavuvi wa dagaa wako kazini, ukisimama dirishani na taa ya ndani imewashwa unaona vitu viwili kwenye kioo kimoja. Unaona taa za mitumbwi huko ziwani zimejipanga kama mji mwingine, afu juu yake unaona balbu yako mwenyewe na uso wako umeelea. Maana yake mwanga wa balbu unafika kwenye kioo, mwingi unatoka nje, kidogo unarudi ndani. Kioo cha kawaida kinarudisha kama asilimia 4 kwenye kila uso wake, na kina nyuso mbili, kwa hiyo kama 8 kati ya 100.

Hapo hamna ajabu mpaka ukumbuke kwamba mwanga unakuja kwa chembe chembe, fotoni, na fotoni moja haikatwi vipande. Ukiweka detekta, yaani kifaa kinacholia fotoni ikikifikia, moja nje na ingine ndani afu ukarusha fotoni moja moja, utasikia mlio wa hii au mlio wa ile, hutasikia nusu mlio. Sasa fotoni ya kwanza imepita, ya pili imepita, ya tatu imerudi. Hiyo ya tatu ina nini? Kwa fizikia ya kwantamu, ile ya vitu vidogo kama atomu na fotoni, tunavyoijua, haina kitu. Zilikuwa sawa kabisa, kioo kilekile, sehemu ileile.

Kwenye fizikia hiyo hali ya chembe inaelezwa kwa wimbi, na mwaka 1926 mwanafizikia Erwin Schrödinger alitoa mlinganyo unaoeleza wimbi hilo linavyokwenda, na mlinganyo huo hauna bahati nasibu ndani yake hata chembe: ukijua wimbi lilivyo leo unajua litakavyokuwa kesho. Mwaka huohuo Max Born akaongeza kanuni ya pembeni: chukua kimo cha wimbi mahali fulani, kipige mraba, hiyo ndo uwezekano wa kukikuta kitu mahali hapo. Habari ya kupiga mraba aliiweka kwenye tanbihi chini ya ukurasa, aliiongeza baadaye wakati makala iko njiani kuchapwa, na mwaka 1954 akapewa Nobeli. Kanuni yake imepimwa kila namna na haijawahi kuangusha mtu. Lakini angalia tulichofanya, tumeweka sheria mbili. Ya kwanza inasema wimbi linatembea laini bila kubahatisha, ya pili inasema ukipima tu wimbi linaruka ghafla sehemu moja kwa bahati. Na hamna anayeweza kukuonyesha kupima kunaanzia wapi. Detekta si nayo ni atomu? Jicho lako je?

Hugh Everett, mwanafunzi wa Princeton chini ya John Wheeler, kwenye tasnifu yake ya 1957 akasema tuifute ile sheria ya pili. Ibaki ya kwanza peke yake. Wimbi la fotoni liko pande zote mbili za kioo, detekta ikikutana nalo na yenyewe inaingia kwenye hali mbili, imelia na haijalia, na wewe ukiisikiliza unaingia kwenye hali mbili. Wewe wa huku umesikia, wewe wa kule hujasikia, na kila mmoja anaona jibu moja tu, kwa hiyo hamna mruko wowote wa kuelezea. Mwaka 1959 alikwenda Copenhagen kuongea na Niels Bohr na hakueleweka, na tayari alishaacha fizikia ya chuo anafanya kazi Pentagon. Akafariki 1982 na miaka 51. Aliyeyafufua mawazo yake ni Bryce DeWitt, kwa makala ya 1970, na lile jina la dunia nyingi tumelipata kwake. Karibu na wakati huohuo Heinz-Dieter Zeh wa Ujerumani alianza kueleza kwa nini matawi hayo hayagongani tena: hewa, mwanga, vumbi, kila kitu kinachogusa detekta kinabeba habari na kuisambaza, na kuikusanya tena haiwezekani kwa vitendo. Hiyo inaitwa dekoherensi.

Mpaka hapo picha ni safi sana na mimi nakiri naipenda. Tatizo ni kwamba kufuta sheria ya Born tumefuta na uwezekano, na uwezekano ndo kitu tunachokipima maabara kila siku! Lazima tuurudishe, ila bila kuuingiza kwa mlango wa nyuma.

Wazo linalomjia kila mtu kwanza ni kuhesabu matawi. Fotoni imefika kwenye kioo, matawi mawili, moja imerudi moja imepita, basi nusu kwa nusu. Lakini dirisha langu halisemi nusu kwa nusu, linasema 8 kwa 92, na ndo maana naona taa za dagaa vizuri na sura yangu kwa kubahatisha. Rusha fotoni 100 na kuna mfuatano wa majibu 2 kwa kipeo cha 100, na ukihesabu matawi hayo moja moja, mengi kupita kiasi yana kama 50 zilizorudi. Watu karibu wote kwenye matawi hayo wangekuwa wanasema Born alidanganya. Sisi hatuwaoni hao, sisi tunaona 8.

Na kuna ubaya zaidi. Tawi sio kitu chenye mipaka kama nyumba, vumbi moja likigongwa kwa namna mbili umepata matawi mengine, kwa hiyo idadi yenyewe inategemea unaangalia kwa ukaribu gani. Afu nikiamua kwamba fotoni ikipita nitafanya majaribio mengine elfu upande huo, idadi ya matawi ya "imepita" inavimba, na eti uwezekano wa fotoni iliyokwisha kufika kwenye kioo umebadilika kwa sababu ya kazi niliyoifanya baadaye. Haiingii akilini. Nenda mwaloni Kirumba ukamwambie muuzaji una sangara wawili, mmoja wa kilo 10 na mmoja wa nusu kilo, kwa hiyo bei ni sawa. Samaki wanawekwa kwenye mizani. Matawi nayo yanataka mizani, na swali ni mizani ipi na kwa ruhusa ya nani.

Kabla ya mizani kuna swali la maana lenyewe: mtu anayejua kila kitu, anayejua kabisa kwamba yote mawili yatatokea, anakuwaje na wasiwasi wa "labda"? Hapa jibu ninalolikubali ni la mwanafizikia Lev Vaidman, ambaye mwaka 1998 aliliweka kwa mfano wa mtu aliyemeza dawa ya usingizi. Mimi naliweka kwenye meli. Umepanda meli ya usiku kwenda Bukoba, na nahodha ana utaratibu wa ajabu, ukishalala anarusha fotoni moja kwenye kioo, ikirudi anatia nanga Nansio, kisiwani Ukerewe, ikipita anaendelea Bukoba. Kwa Everett yote yamefanyika, wewe mmoja uko Nansio na wewe mwingine uko Bukoba. Unaamka, mashine zimezimwa, giza, pazia limefungwa. Unajiuliza, niko wapi?

Hilo ni swali la kweli lenye jibu la kweli na wewe hulijui, hata kama wimbi lote la ulimwengu unalijua kwa kichwa. Ni kama mtu mwenye ramani kamili ya Mabatini, kila ngazi na kila uchochoro umo, afu amepotea katikati ya mawe na vibanda. Ramani haijakosa kitu. Alichokosa ni kujua yeye yuko wapi humo. Na usiseme mfano wa meli ni wa kutengeneza, maana kwenye kila jaribio detekta inalia kwanza na habari inakufikia wewe baadaye kidogo, hata kama ni sehemu ndogo sana ya sekunde, na ndani ya muda huo tayari uko kwenye tawi moja na hujui ni lipi.

Sawa, uwezekano una maana. Sasa namba. Kwa nini mraba?

Chukua kioo kingine, cha maabara, kilichopakwa ili kirudishe 36 kati ya 100. Afu nenda Buswelu au popote watu wanapojenga, mtafute fundi anayepiga msingi. Anatafuta pembe ikae skwea, anapima mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, anavuta kamba kona kwa kona, na kama kamba inasoma 5 anajua amepata. Mraba wa 3 ni 9, wa 4 ni 16, jumla 25, mraba wa 5. Hali ya fotoni ni kamba hiyohiyo ya kona. Ni mshale wenye urefu 1, na "kurudi" ni upande mmoja wa msingi, "kupita" ni upande mwingine, vimesimama skwea. Kwa kioo chetu mshale una 0.6 upande wa kurudi na 0.8 upande wa kupita. Hivo ndo vimo vya wimbi. Ukijumlisha 0.6 na 0.8 unapata 1.4, namba isiyokusaidia. Ukijumlisha miraba unapata 0.36 na 0.64, jumla 1.

Na mlinganyo wa Schrödinger kazi yake yote ni kuuzungusha mshale, hauurefushi wala haufupishi. Kwa hiyo kinachobaki palepale kila dunia ikigawanyika ni jumla ya miraba tu, tawi la mama likizaa matawi uzito wa watoto ukijumlishwa unarudi uleule wa mama. Everett mwenyewe aliliona hili mwaka 1957 na akalitumia, alisema ukitaka uzito wa matawi usiojipinga huna pengine pa kwenda.

Wapinzani wakamjibu vizuri, na mimi naona walikuwa na haki. Sawa, umenionyesha kitu kinachotunzwa. Lakini uzito mdogo unanihusu nini mimi? Aliye kwenye tawi la uzito mdogo si anaumia vilevile, anafurahi vilevile? Kwa nini kitu kinachotunzwa ndo kiwe kipimo cha mimi kujiuliza niko wapi?

Hapo ndo inapokuja hoja ninayoipenda kuliko zote. Mwanafizikia Wojciech Zurek aliijenga kuanzia 2003, na baadaye Charles Sebens na Sean Carroll wakaivalisha nguo ya lile swali la kwenye meli. Isome polepole, haina hesabu ngumu ila inataka utulivu. Kuna masanduku mawili, moja Mwanza moja Bukoba, kila moja lina taa, nyekundu au bluu. Yameandaliwa kikwantamu hivi: tawi moja taa zote mbili nyekundu, tawi lingine taa zote mbili bluu, na vimo vya matawi hayo viko sawasawa. Mimi niko Mwanza sijafungua sanduku. Sasa nabadilisha rangi sanduku la Mwanza tu, nyekundu iwe bluu, bluu iwe nyekundu. Bukoba hakijaguswa kitu, kwa hiyo uwezekano wa Bukoba kuwa nyekundu ni uleule wa mwanzo. Lakini sasa pale Bukoba ikiwa nyekundu, Mwanza ni bluu. Kwa hiyo uwezekano wa Mwanza kuwa bluu sasa ni sawa na uwezekano wa Mwanza kuwa nyekundu hapo mwanzo. Umeshika? Basi mtu wa Bukoba naye abadilishe rangi ya sanduku lake. Mwanza hakijaguswa kitu, uwezekano wa Mwanza haujasogea. Lakini angalia tulipofika: tawi moja zote bluu, lingine zote nyekundu, vimo sawa. Tumerudi mwanzo kabisa, hali ni ileile! Kwa hiyo uwezekano wa bluu lazima uwe sawa na wa nyekundu, nusu kwa nusu, na hatukumuomba Born kitu. Tumeomba jambo moja tu, kwamba anachofanya mtu Bukoba na sanduku lake hakibadilishi nafasi ya sanduku langu hapa. Na ile safari ya kurudi mwanzo inafanya kazi kwa sababu vimo vilikuwa sawa, visingekuwa sawa tusingerudi.

Kwa hiyo vimo sawa, uwezekano sawa. Rudi kwenye kioo cha 0.6 na 0.8. Weka mashine Bukoba ambayo, kwenye tawi la kurudi, inajigawa hali 9 zenye vimo sawa, na kwenye tawi la kupita inajigawa hali 16 zenye vimo sawa. Kila kipande kina kimo gani? Tisa lazima miraba yao ijumlishe 0.36, kwa hiyo kila mmoja mraba wake 0.04, kimo 0.2. Kumi na sita miraba yao ijumlishe 0.64, kila mmoja 0.04, kimo 0.2. Vipande vyote 25 vimetoka sawa! Basi kila kimoja ni 1 kati ya 25, vya kurudi ni 9, na 9 kati ya 25 ni 36 kati ya 100. Mashine iko Bukoba, haijagusa fotoni yangu, kwa hiyo hiyo 36 ilikuwepo kabla hata ya mashine. Mara ya kwanza nilipoifanya hii kwa kalamu, kwenye mgongo wa risiti ya luku, niliirudia mara tatu nikidhani nimejidanganya mahali.

Hata dirisha langu linaingia, vimo vya 0.28 na 0.96 vinakupa vipande 49 na 576, jumla 625, karibu kabisa na ile 8 kwa 92. Kwa hiyo kuhesabu kumerudi, ila kuhesabu vipande vilivyokatwa sawa, ambako ndo kupima.

Ipo njia ingine, ya mwanafizikia David Deutsch ya 1999, ambayo David Wallace aliiendeleza mpaka kitabu kizima mwaka 2012. Hawa wanaanzia kwenye dau. Wanauliza mtu mwenye akili timamu anayejua matawi yote yapo atakubali dau lipi, wanaweka masharti machache ya kutojipinga, na wanatoka na mraba uleule. Mwanafalsafa David Albert aliwabana: kwa nini nisijali matawi kwa unene wa mwili wangu ndani yake, kwamba penye mimi mnene zaidi kuna mimi zaidi? Ni mfano wa makusudi kuonyesha kwamba masharti yao sio lazima kwa kila mwenye akili. Wallace ana majibu yake. Mimi naona hoja ya masanduku inasimama vizuri zaidi kwa sababu sharti lake liko kwenye fizikia, mambo ya Bukoba yabaki Bukoba, haliko kwenye nani ni mwenye akili. Ila atakayekataa kwamba "niko tawi lipi" ni swali la uwezekano, kwamba ni swali tu lisilo na asilimia zozote, huyo hoja ya masanduku haimgusi, na wapo wasomi wazuri wanaokaa hapo.

Haya yote nilijaribu kumwambia yule kijana pale kijiweni, kwa ufupi na kwa mikono, mvua ikiendelea. Nikamwambia kwanza mpira sio fotoni, mengi tunayoita bahati uwanjani ni kutokujua kwetu tu, kipa ana jeraha ambalo wewe hujaambiwa. Lakini nikamwambia hata tukikubali, tuseme kila mechi ni nusu kwa nusu na kila moja inagawa ulimwengu kweli. Mechi 10 zote kutiki ni 1 kati ya 1024. Dunia nyingi haziongezi hapo hata senti, uzito ni uleule ambao ungeupata bila Everett.

Akakaa kimya anaangalia maji yanavyoshuka mtaroni. Afu akauliza swali ambalo wanafunzi wangu wa tuisheni hawajawahi kuniuliza, "Kwa hiyo huyo wa kule aliyeshinda yupo, ila ana uzito wa moja, na hizi elfu na ishirini na tatu zote ziko upande wa mikeka iliyochanika?"

Nikamwambia ndio mdogo wangu, hapohapo.

"Basi huku ndo kuzito," akasema, akafuta siti kwa mkono, akawasha pikipiki.